Kabla ya Blondi Kuna Nyekundu

Jumamosi, siku ya soko Karatina. Niko jikoni kwa shosh, kichwani nimevaa mfuko wa nailoni, ile tuliyoficha tangu marufuku ya 2017. Nimechanganya poda ya blichi na peroksaidi ya namba 40, naangalia dakika kwa simu. Saa nane kuna harusi na lazima nifike nikiwa blondi.

Nilipoosha, nikapata rangi ya chungwa. Chungwa kabisa, kama mabati yaliyoshika kutu. Shosh akaingia na kiondo chake, akanitazama, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Sasa umekuwa mwanake!"

Nilidhani ananitusi. Kumbe anakumbuka hadithi za babake. Mwanake alikuwa kijana aliyetahiriwa, wa rika la vita. Vijana hao wa Kikuyu walisokota nywele ndefu kama kamba nyembamba, wakazipaka mafuta na udongo mwekundu. William na Katherine Routledge, Waingereza walioishi huku Nyeri mwanzoni mwa karne iliyopita, waliwapiga picha na kuziweka kwenye kitabu chao cha 1910. Kwa hivyo yule jamaa wa matatu anayesema kupaka nywele rangi ni mambo ya wazungu, mwambie aulize kwao kwanza.

Lakini udongo ulikaa juu ya nywele. Ukichoka nao, unaosha. Blichi huingia ndani, na haina kurudi.

Mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard alipotengeneza peroksaidi ya hidrojeni mwaka wa 1818, hakuwa na habari ya saluni. Ilibidi tungoje hadi 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, ndipo Thiellay, mkemia wa London, na Hugo, msusi wa Paris, wakaonyesha watu jinsi inavyogeuza nywele kuwa za dhahabu. Kisha sinema ikafanya kazi yake: mwaka wa 1931 Jean Harlow akatokea kwenye Platinum Blonde, na wasichana wa Marekani wakakimbilia peroksaidi. Wengi wao nywele zao zilikuwa kahawia tu. Safari yao ilikuwa fupi. Hakuna aliyekuwa akifikiria kichwa cha Karatina.

Sisi tunaanzia mbali. Dawa hufungua magamba ya unywele, peroksaidi inapita na kuvunja melanini. Ile nyeusi huvunjika mapema, inabaki ile ya wekundu na manjano, na hiyo ni kaidi. Ndiyo maana nywele nyeusi hupita nyekundu, kisha chungwa, kisha njano, hadi njano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Hakuna kuruka kituo. Wanaojua kazi huenda polepole, wanapumzisha nywele wiki kadhaa kati ya awamu.

Mimi nilipumzisha dakika ishirini. Nikarudia namba 40, juu ya nywele zilizokuwa na relaxer ya Desemba. Hapo mbele zikaanza kukatika kama tambi mbichi, na ngozi ikawaka moto.

Shosh hakucheka tena. Alinimwagia maji baridi muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaleta makasi. Nikamwambia hapana, tujaribu kuziokoa.

"Hata Muthoni alinyolewa," akasema.

Muthoni wa Kirima, field marshal wa Mau Mau, alitoka msituni na rasta zake akakaa nazo karibu miaka 70, akingoja matunda ya uhuru. Tarehe 2 Aprili 2022, nyumbani kwake Nyeri, Mama Ngina Kenyatta alizikata. Shosh, aliyekulia kwenye vijiji vya Emajensi, alitazama kwa TV akilia. Mimi nilikuwa bado chuo. Nilitazama klipu sekunde kumi nikaendelea kuskroli. Muthoni alikufa mwaka uliofuata.

Basi nikainama. Nywele zikaanguka juu ya gazeti, za chungwa, nyepesi ajabu. Harusini sikuenda. Shosh akaokota kishungi kimoja, akakisugua kati ya vidole.

"Hii hata haina mafuta," akasema, akaenda kutafuta chupa yake ya mbariki.