Bisi zilikuwa zinafukuzwa sinema

Wasee, siku hizi ukialika watu kwako kuangalia muvi unaulizwa menyu. Ukiweka The Godfather, lazima kuwe na pasta. Sawa, lakini mnajua hata bisi, yaani popkoni, zilikuwa zinafukuzwa sinema?

Marekani, enzi za filamu bubu, wenye kumbi za kifahari walizikataa: zulia linachafuka, na ukitafuna ukumbi mzima unasikia. Wauzaji wakabaki barabarani na vigari vyao. Kisha 1927 ikaja The Jazz Singer, filamu zikaanza kuongea, na kelele za kutafuna zikamezwa. Uchumi ulipoanguka baada ya 1929, mfuko wa bisi ulikuwa senti 5 hadi 10, kwa hivyo hata aliyesota aliumudu. Wenye kumbi wakaona pesa inabaki nje ya mlango. Wakaanza kuuza wenyewe, na kuna kumbi zilizookolewa na biashara hiyo. Mahindi, jameni!

Sasa wewe unakopa kwa simu ununue jibini ya wageni? Weka Queen of Katwe ya 2016. Mle ndani Phiona anauza mahindi mitaani Kampala. Choma yako, paka limau na pilipili. Soda naleta mimi.