Mumiani Wawili Waliotubu, na Wetu Asiyetubu



Katika mkutano wetu mkuu uliopita hapa Doha lilizuka jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Mwenzetu mmoja alipendekezwa kuwa mweka hazina. Kabla hajaungwa mkono, kijana aliyekaa nyuma alisimama akasema kwa sauti ya chini: "Wazee wangu, mniwie radhi. Huyu ndiye aliyechukua pesa za shamba la mama yangu." Ukumbi ukanyamaza.

Wenye umri wetu walijua anachokisema. Miaka ya nyuma mwenzetu huyo alikuwa wakala wa viza. Aliwatoza vijana wa nyumbani fedha nyingi kwa ahadi ya kazi. Wengine walifika wakakuta kazi si ile waliyoahidiwa, wengine hawakufika kabisa. Lakini tulijua pia kwamba ameacha zamani, na kwamba siku hizi mwenzetu akilazwa hospitali au akifariki, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Basi wengine wakasema mtu hutubu. Wengine wakasema mnyonya damu ni mnyonya damu. Kikao kikaahirishwa.

Njiani kurudi nyumbani, watoto waliokuwa kiti cha nyuma wakauliza: "Huyo mzee ni Angel au ni Spike?" Hatukuelewa. Ikabidi tukae nao Ijumaa mbili mbele ya kompyuta tutazame tamthilia za Kimarekani za zamani kidogo: Buffy the Vampire Slayer, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, na Angel, ya 1999 hadi 2004. Tulikaa kwa kuwaridhisha watoto, tukainuka na mambo ya kufikiri.

Wote wawili, Angel na Spike, ni wanyonya damu waliogeuka wakawa watetezi wa watu. Angel alizaliwa Galway, Ireland, akageuzwa mnyonya damu mwaka 1753, akaua kwa karibu miaka mia na hamsini. Mwaka 1898 alimuua binti wa Kiroma, na jamaa zake wakamlaani kwa kumrudishia roho. Tuangalie vizuri hapa: hawakumrudishia roho ili awe mwema, bali ili ateseke kwa kukumbuka kila aliyemuua. Wema ulikuja baadaye sana, na ulizaliwa na majuto. Kisha ukaja utabiri kwamba mnyonya damu mwenye roho, akishamaliza vita vyake, atapewa tena uhai wa binadamu. Hapo majuto yakapata mwenzake, tumaini la malipo.

Spike njia yake ni nyingine. Alikuwa mshairi wa London asiyethaminiwa, akageuzwa mwaka 1880. Naye aliua kwa miaka mingi bila kujuta hata siku moja. Kilichomzuia mwanzo hakikuwa roho. Askari wa mradi wa siri wa serikali walimkamata wakampandikiza chipu kichwani, na kila akijaribu kumdhuru binadamu kichwa kikamuuma asiweze kusimama. Kwa kuwa hakuweza tena kuua watu, akaanza kupigana upande wao, na humo akampenda Buffy, msichana ambaye kazi yake ni kuwaua wa aina yake. Mapenzi hayo hayakumzuia kumtenda ubaya mkubwa Buffy mwenyewe. Baada ya ubaya huo alisafiri peke yake, akaingia pangoni, akavumilia majaribu mazito, akaipata roho. Na pango hilo, ndugu wasomaji, liko Afrika.

Hapo tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Katika hadithi yao mnyonya damu wa Kizungu huenda Afrika kutafuta roho. Katika hadithi zetu alikuja Afrika kutafuta damu.

Watoto wetu hawajui kwamba nasi tunaye wetu, na historia yake imeandikwa. Neno mumiani lenyewe ni la safari za baharini. Lilitoka Uajemi, ambako mumiya ni kitu cheusi mfano wa lami kilichotumika kama dawa, na kamusi za zamani za Kiswahili zinalitaja kwa maana hiyo, dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Watu wakaamini kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na baadaye jina likahama kutoka kwenye dawa likamwangukia anayeitafuta damu hiyo. Nairobi na Kampala walisema ni wazimamoto. Sehemu nyingine za Tanganyika, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizi katika kitabu Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Hakuuliza kama ni kweli damu ilinyonywa. Aliuliza watu walikuwa wanasema nini juu ya maisha yao waliposimulia hivyo.

Na walikuwa wanasema mengi. Ulikuwa wakati wa magari, sare, sindano na kazi za kulipwa ambazo mtu wa kawaida hakuelewa mwisho wake ni nini. Madaktari wa serikali walichukua damu za watu kupima malale na magonjwa mengine, na mwenye damu hakuelezwa inakwenda wapi. Katika masimulizi, mumiani mwenyewe mara nyingi ni Mwafrika mwenzetu, askari au mzimamoto, mwenye mshahara na bosi. Hanyonyi kwa njaa yake. Ametumwa. Damu si yake, inapelekwa mahali.

Ndiyo tofauti kubwa kati ya mumiani na wale wawili. Angel na Spike wanajulikana majina, waliwahi kupenda, wana aibu, tunajua kinachowasukuma. Mumiani hana jina wala nia yake mwenyewe, na kwa hiyo katika masimulizi tuliyolelewa nayo hatukusikia hata mmoja aliyetubu. Atatubu vipi asiye na uso? Dawa yake ilikuwa moja tu, kukimbiwa au kuuawa. Mwaka 1959 huko Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizua ghasia na askari polisi akauawa. Na tusidhani ni mambo ya ukoloni tu. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani wamekuja kunyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Kwa hiyo aliyesema ukumbini kwamba mnyonya damu ni mnyonya damu, na akome hapo, akumbuke neno hilo limewahi kuwafikisha watu wapi.

Baada ya uhuru, lugha ya damu iliingia katika siasa. Tanzania iliwaita matajiri na mabwanyenye wanyonyaji, kupe, watu wa mirija. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tulipoitazama ile chipu ya Spike tuliikumbuka miiko hiyo. Sisi tuliosomea uhandisi tunajua kifaa cha usalama ni kitu kizuri, mashine inayoweza kukata mkono wa mtu lazima iwekewe kizuizi. Lakini kizuizi hakibadilishi mashine. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ile, na kuanzia siku hiyo kila kiongozi akabaki na dhamira yake tu. Mwenye roho alijulikana, na aliyekuwa na chipu tu naye alijulikana.

Turudi kwa mashujaa wetu, kwa kuwa watoto walitaka jibu: nani bora, wa majuto au wa mapenzi? Mmoja alimtetea Angel, kwamba majuto yake ya karne nzima si mchezo. Mwingine alimtetea Spike, kwamba roho hakubandikwa bali aliifuata mwenyewe. Sisi tuliona kwamba walikoanzia si hoja. Majuto ya Angel yalianza kama adhabu, mapenzi ya Spike yalianza kama tamaa. La kutazama ni siku malipo yalipoondoka. Katika sehemu ya mwisho, mwaka 2004, Angel anaandika kwa mkono wake kwamba ameachilia haki yake katika utabiri ule, hatakuwa binadamu tena, kisha anakwenda vitani vilevile. Spike, mwaka 2003, anabaki chini ya ardhi akiungua ili wengine watoke, na Buffy anapomwambia kwamba anampenda, yeye haamini, na bado anabaki. Pale ambapo hakuna cha kupata, wote wawili walisimama. Kabla ya hapo hata wao wenyewe wasingeweza kuapa kwamba wamebadilika.

Lakini kuna jambo moja ambalo hadithi zao hazikulifikia, na dini zetu zimelifikia. Waislamu wanafundishwa kwamba toba ni kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa umemdhulumu mtu, kumrudishia haki yake. Wakristo wanasoma habari za Zakayo mtoza ushuru, aliyeahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Angel na Spike hawakuweza kurudisha, maana waliowaua hawafufuki. Ndiyo maana wanatumikia watu wengine maisha yao yote. Shamba la mama wa yule kijana linarudishika.

Kwa hiyo tumwambie nini mwenzetu? Sheria ya kazi ya Qatar namba 14 ya mwaka 2004 inamkataza wakala kupokea ada kutoka kwa mfanyakazi, lakini sheria ni ile chipu. Hatutaki kujua tu kwamba ameacha. Kuwatembelea wagonjwa ni wema, na Mungu atamlipa, lakini hakumlipi kijana aliyekaa nyuma. Na kwa kuwa mumiani hutumwa, tunataka pia kujua fedha zile zilikwenda wapi na nani mwingine alikula, maana huenda bado anakula. Wengine wetu nao wajiulize, waliopokea chai yake siku zile na kunyamaza.

Tulimtembelea jioni moja, watu watatu. Hakukasirika. Alisema ana daftari lenye majina yote, alilitunza miaka yote hii, na hajui kwa nini hakulitupa. Tukamwambia hilo ndilo tunaloliomba, si kura. Uweka hazina hatumwahidi, hata akimlipa kila mtu. Alitusindikiza hadi kwenye gari bila kusema neno.

Hadi tunaandika haya daftari halijafika. Kijana ameambiwa asubiri, naye amesema amezoea kusubiri. Mkutano ulioahirishwa utakuwapo, inshallah, na mlango utakuwa wazi kwa wote wawili.

Wenu katika ujenzi wa jumuiya.