Nondo Hajulikani kwa Bawa

Kwa fundi ujenzi nondo ni chuma cha zege, na kwenye mdahalo nondo ni hoja nzito. Ninayemzungumzia hapa ni mdudu, tena mdogo: akikunja mabawa anaenea juu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Anaishi Hawaii, na jenasi yake inaitwa Hyposmocoma.

Aprili 2025 jarida la Science lilichapisha habari za kiwavi mmoja wa jenasi hiyo, anayeitwa kwa utani "mkusanya mifupa", ingawa wadudu hawana mifupa. Hukaa kwenye utando wa buibui, ndani ya shina lenye uwazi au ufa wa mwamba, akila wadudu walionaswa. Mabaki hayatupi. Huokota kichwa cha sisimizi au bawa la inzi, akakigeuza kipande, akakipima. Kikizidi hukitafuna hadi kitoshe, kisha hukifuma kwa hariri kwenye kijumba anachotembea nacho mgongoni. Ulimwengu ukampokea kama kioja, kiumbe kilichozuka tu bila ukoo. Hapo sikubaliani. Huyu ana ukoo, na ukoo wake ni wa wajenzi. Tumechelewa kumwelewa kwa sababu kwa muda mrefu tuliwasoma jamaa zake wakiwa nondo wazima, wameshahama nyumba zao.

Mwanzo wa kisa cha ukoo huo hauna utata. Arthur Butler aliipa jenasi jina mwaka 1881, enzi ambazo kasisi Thomas Blackburn alikuwa akikusanya wadudu visiwani humo. Kuanzia 1892 R. C. L. Perkins akapiga kambi kwenye misitu yenye mvua, akakusanya mamia kwa mamia ya vielelezo. Mzigo wa nondo wadogo ukamwangukia Lord Walsingham, kabaila wa Kiingereza.

Walsingham alikuwa mtu wa shabaha. Tarehe 30 Agosti 1888 aliangusha ndege 1,070 wa jamii ya kwale kwa siku moja, bunduki mkononi. Jicho lake halikuwa butu, na makusanyo yake ya nondo yalikuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Lakini kutoka Hawaii alichopata hasa ni nondo wazima waliokaushwa na kutungwa kwenye pini. Mwaka 1907 akawagawa kwa umbo la bawa, vishungi vya magamba na viungo vya mdomo. Kila alipoona bawa lenye mtindo wake, alikaribia kuanzisha jenasi: Aphthonetus, Neelysia, Semnoprepia na nyinginezo. Wapo wanaomsifu kwa umakini huo. Mimi naona ni sawa na kupanga koo za kijiji kwa kutazama mashati yaliyoanikwa kwenye kamba.

Wakati kabati za Uingereza zikijaa, mtu mwingine alikuwa akipanda milima ya Oahu. Otto Swezey alifika Hawaii mwaka 1904, akaajiriwa na wenye mashamba ya miwa kupambana na wadudu waharibifu. Kazi iliyomlipa ilikuwa kwenye miwa. Aliyoipenda ilikuwa msituni. Aliwarudisha viwavi wakiwa hai, akawalea, akangoja nondo atoke, ili ajue nani alikuwa nani na alikula nini: huyu kwenye kijiti kikavu, yule chini ya gome, mwingine kwenye kuvu za mwambani. Mwaka 1954 alichapisha kitabu kuhusu wadudu wa misitu ya Hawaii, na hakukipanga kwa familia za wadudu. Alikipanga kwa miti. Unafungua kwenye koa (kule koa ni mti, si yule wa bustanini kwako) na chini yake unakuta wakazi wake wote.  Ni rahisi kukiona kama orodha tu ya mtu wa mashamba.

Mwaka 1978 Elwood Zimmerman alizikusanya jenasi nyingi za Walsingham na kuzirudisha ndani ya Hyposmocoma. Lakini hukumu kubwa ilitoka Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako Daniel Rubinoff na wenzake walilinganisha vinasaba na vijumba vya viwavi. Vijumba hivyo wamevipa majina ya kawaida kabisa: koni, sigara, tarumbeta, karatasi ya pipi. Matawi ya ukoo, kwa sehemu kubwa, yanafuata vijumba. Bawa ni shati tu. Kijumba ndicho jina la ukoo.

Kijumba ndicho pia kinachoonyesha maisha. Mwaka 2005 Rubinoff na William Haines walitangaza kiwavi wa Maui anayemfunga konokono mdogo kwenye jani kwa hariri, kisha anamfuata hadi ndani ya gamba na kumla. Wengine huishi katika vijito, wakipumua hewani na majini pia. Mtu angetarajia matamvua, hawana. Oksijeni hupenya ngozini moja kwa moja, ndiyo maana wanahitaji maji yaendayo kasi: kwenye maji yaliyotuama hufa.

Vipi kuhusu umri? Ukoo huu una takriban miaka milioni 15, na tawi la mkusanya mifupa si chini ya milioni 6. Kauai, kongwe kati ya visiwa vikubwa, ina takriban milioni 5 tu. Basi waliishi wapi kabla yake? Jibu liko chini ya bahari. Visiwa huzaliwa kusini-mashariki kwa moto wa volkano, husukumwa kaskazini-magharibi, humomonyoka na kuzama. Nondo walihama kisiwa kwa kisiwa, kama wapangaji wanaoondoka kabla paa halijaanguka.

Lakini wenyeji wa visiwa hivyo hutishiwa pia na wageni wanaoletwa, na hapo sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna mkono. Konokono wetu mkubwa, Lissachatina fulica, alipelekwa Hawaii mwaka 1936 akawa balaa mashambani. Mwaka 1955 akaletwa konokono mla-konokono kutoka Florida amwangamize. Mgeni huyo akaona konokono wenyeji ndio wepesi, akawageukia wao.

Mkusanya mifupa naye amebaki kwenye eneo la kilomita za mraba 15 tu za milima ya Waianae, Oahu. Watafiti waliingia msituni zaidi ya mara 150 kwa miaka mingi, wakapata 62. Hata buibui anaowategemea sasa wengi wao ni wageni. Kwenye kabati la Walsingham, msitu ule ukifyekwa hakuna pini itakayosogea. Kwenye kitabu cha Swezey, mti ukitoweka, ukurasa mzima unabaki bila mwenyeji.