Timeless: Albamu ya kwanza ya Goldie iliyowagawanya wasikilizaji

WAHENGA walinena kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Ngoma aliyoipiga Goldie mwaka wa 1995 ilivuma kote Uingereza, na tangu wakati huo wasikilizaji hawajaafikiana iwapo ilipasuka au ingali nzima.

Timeless, jina lenye maana ya kitu kisichopitwa na wakati, ndiyo albamu ya kwanza ya mtayarishaji huyo wa muziki wa dramu na besi. Ilitolewa na kampuni ya FFRR, ikapanda hadi nambari saba katika orodha ya albamu zinazouzwa sana nchini Uingereza. Hilo lilikuwa jambo la ajabu kwa muziki ambao miaka michache tu awali ulikuwa ukisikika katika vilabu vya usiku na katika redio zisizo na leseni.

Mafanikio hayo yalizua mjadala mzito. Je, muziki uliolelewa na vijana wa mitaa ya watu wa kipato cha chini waweza kuingizwa sebuleni na kusikilizwa kama sanaa ya kutuliza moyo, pasipo kuwapokonya wenyewe walioulea? Maoni ya wasikilizaji kuhusu Timeless, ya sifa na ya lawama, yote hulizunguka swali hilo.

Muziki wa dramu na besi ni upi?

Muziki huu ulichipuka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na ule ulioitwa Jungle. Vijana, wengi wao wakiwa watoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, walichukua vipande vya ngoma kutoka kwa rekodi za zamani za soul na funk za Marekani, wakaviharakisha kwa mashine na kuvikatakata, kisha wakavitandikia besi nzito ya rege.

Mapigo yake huenda kwa kasi ya kati ya 160 na 180 kwa dakika. Hata hivyo, besi hutembea kwa nusu ya kasi hiyo. Ndiyo maana msikilizaji anaweza kuchagua: akifuata ngoma atarukaruka, akifuata besi atayumba taratibu. Atakayeukosa utaratibu huu atasikia kelele tu.

Kipande cha ngoma kilichotumiwa kupita vyote kilitoka katika wimbo Amen, Brother wa kundi la The Winstons la Marekani, uliorekodiwa mwaka wa 1969. Ni sekunde chache tu za mpiga dramu Gregory Coleman akiwa peke yake. Sekunde hizo zilizaa maelfu ya nyimbo.

Mwana wa nyumba za malezi

Goldie, ambaye jina lake halisi ni Clifford Price, alizaliwa mwaka wa 1965 mjini Walsall, katikati ya Uingereza. Babake alitoka Jamaika na mamake alikuwa Mskoti. Akiwa bado mtoto mdogo alitolewa nyumbani, akalelewa na familia za kambo na katika makao ya watoto.

Kabla ya kuujua muziki, alijulikana kwa michoro ya rangi aliyoichora kutani. Sanaa hiyo ilimfikisha katika filamu ya hali halisi iitwayo Bombin' ya mwaka wa 1987. Baadaye aliishi Miami, Marekani, akitengeneza na kuuza meno ya dhahabu, pambo ambalo limekuwa alama yake hadi leo.

Aliporejea London, madiskijoki wawili wanawake, Kemistry na Storm, walimpeleka katika usiku wa Rage kwenye ukumbi wa Heaven. Huko Fabio na Grooverider walikuwa wakiucheza muziki mpya. Goldie alitekwa. Alijifunza kazi ya studio miongoni mwa watu wa kampuni ya Reinforced, wakiwemo Dego na Marc Mac wa kundi la 4hero.

Mwaka wa 1992 alitoa Terminator, wimbo uliowashangaza wengi kwa sababu sauti ya ngoma ilipanda na kushuka ilhali kasi yake haikubadilika. Miaka miwili baadaye, yeye na Kemistry na Storm walianzisha kampuni ya Metalheadz. Kwa hivyo, albamu ilipotoka, Goldie hakuwa mgeni kwa wapenzi wa muziki huo. Alikuwa mgeni kwa taifa.

Waliosifu

Kundi la kwanza la wasikilizaji liliipokea Timeless kama ushahidi. Kabla yake, watu wengi waliamini kwamba dramu na besi ni muziki wa wimbo mmoja mmoja kwenye santuri, usioweza kubeba albamu nzima. Goldie aliwajibu kwa kazi ambayo toleo lake lenye diski mbili huchukua zaidi ya saa moja na nusu.

Sifa nyingi huelekezwa kwa wimbo wa kwanza, ambao ndio uliobeba jina la albamu. Wimbo huo una urefu wa dakika 21 na umegawika sehemu tatu. Ndani yake mna Inner City Life, uliokuwa umetolewa peke yake mwaka wa 1994 na ambao ndio maarufu zaidi katika kazi zote za Goldie.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyezoea taarabu ndefu, au rumba inayoanza polepole hadi ifike sebene, hatauona urefu huo kuwa kioja. Lakini kwa soko la Uingereza lililozoea nyimbo za dakika tatu au nne, kuifungua albamu kwa dakika 21 kulikuwa ni kuthubutu. Waliopenda husema kwamba wimbo unahitaji muda huo: sauti zinazofanana na fidla hutanda kwanza mithili ya wingu, ngoma huingia kama mvua ya mawe, kisha vyote hupungua na kurejea tena kwa sura nyingine.

Jambo ambalo karibu kila msikilizaji hulikubali ni uimbaji wa Diane Charlemagne, mwanamke wa Manchester. Ngoma zinakimbia, naye haziharakii. Anaimba kuhusu uzito wa maisha ya mjini na haja ya kupendwa, kwa utulivu wa mtu anayeomba dua katikati ya msongamano. Wengi ambao hawakuwahi kuukaribia muziki huu waliingia kupitia mlango wa sauti yake. Charlemagne aliaga dunia mwaka wa 2015, na tangu hapo wimbo huo husikilizwa pia kama kumbukumbu yake.

Waliolalamika

Hakuna kizuri kisicho na ila. Lawama ya kwanza ni urefu. Hata miongoni mwa wapenzi wa albamu hii, wapo wanaokiri kwamba husikiliza diski ya kwanza mara kwa mara na ya pili kwa nadra. Nyimbo kadhaa huko zinaelekea kwenye jazi nyepesi na soul ya taratibu, na baadhi ya wasikilizaji huziona kuwa zimepoa mno baada ya moto wa mwanzo. Wengine hupendelea toleo fupi la diski moja.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ilitoka kwa watu wa klabu. Kwao, Jungle ilikuwa na mchanganyiko wa ukali wa besi, maneno ya wasanii wa raga na vurugu ya furaha. Walipousikia muziki wao ukipambwa kwa fidla na kusifiwa na wachambuzi wa magazeti, walihisi umesafishwa ili uwapendeze watu ambao jana tu walikuwa wakiukimbia.

Hasira hiyo ilichochewa na baadhi ya wachambuzi na wafanyabiashara waliouita mkondo huo laini kuwa ni dramu na besi yenye akili. Wasikilizaji waliuliza, na kwa haki: kama huu ndio wenye akili, ule wa jana wetu ulikuwa wa wajinga?

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Ndani ya albamu hiyohiyo mna Saint Angel na This Is a Bad, nyimbo ambazo hazimwonei mtu haya. Isitoshe, mwaka huohuo wa 1995 Metalheadz ilikuwa ikiandaa usiku wa kila Jumapili katika klabu ya Blue Note, mtaa wa Hoxton, London, ambako muziki mkali ulipigwa mbele ya umati wa kawaida. Goldie hakuihama klabu. Alijaribu kuishi katika nyumba mbili.

Kazi ni ya nani?

Mjadala wa tatu unahusu mikono iliyofanya kazi. Goldie mwenyewe hakuwa fundi wa mashine. Alikuwa akieleza sauti anazozisikia kichwani, wakati mwingine kwa kuzichora, naye mhandisi Rob Playford, mmiliki wa kampuni ya Moving Shadow, akaziunda katika studio.

Wapo wasikilizaji wanaosema kwamba Playford hakupewa heshima inayomstahili. Wengine hujibu kuwa msanifu majengo hasifiwi kwa kubeba matofali, bali kwa kuiona nyumba kabla haijajengwa. Pande zote mbili zina hoja. Linaloweza kusemwa kwa yakini ni kwamba Timeless ni kazi ya ushirikiano, na kwamba jina moja kwenye jalada huficha majina mengi.

Swali hilo halikuishia London. Gregory Coleman, aliyepiga zile sekunde za Amen, alifariki mwaka wa 2006 bila ya kulipwa chochote na muziki uliojengwa juu ya mikono yake. Mwaka wa 2015 wapenzi wa muziki walichanga fedha mtandaoni na kumpa Richard Spencer, kiongozi wa The Winstons. Ilikuwa ishara njema, lakini mchango wa hiari si mrabaha. Msikilizaji anayeihukumu albamu yoyote ya dramu na besi hana budi kukumbuka kwamba urithi huo una warithi waliosahauliwa.

Baada ya Timeless

Mwaka wa 1997 kundi la Roni Size na Reprazent kutoka Bristol lilitwaa Tuzo ya Mercury kwa albamu yake New Forms. Wengi huona kwamba Timeless ndiyo iliyofyeka njia hiyo.

Goldie mwenyewe alirudi mwaka wa 1998 na Saturnz Return, albamu iliyofunguliwa kwa wimbo Mother wenye urefu wa takriban saa nzima na iliyomshirikisha David Bowie. Safari hii wasikilizaji wengi hawakumvumilia. Kilichoitwa ujasiri mwaka wa 1995 kiliitwa majivuno miaka mitatu baadaye. Mwaka uliofuata, Kemistry, ambaye jina lake limepewa wimbo mmoja wa Timeless, alifariki katika ajali ya barabarani.

Baadaye Goldie aliigiza katika filamu, na mwaka wa 2016 akatunukiwa nishani ya MBE na taifa la Uingereza. Katikati ya miaka ya 2010, okestra iitwayo Heritage Orchestra iliipiga Timeless jukwaani kwa ala halisi. Sauti zilizotolewa na mashine zikimwiga mwanadamu sasa zilikuwa zikitolewa na wanadamu wakiiga mashine.

Kwa msikilizaji mgeni

Anayetaka kuisikiliza albamu hii kwa mara ya kwanza asiimeze kwa pumzi moja. Aanze na Inner City Life. Ikimpendeza, asikilize ule wimbo wa dakika 21 kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha Angel na Saint Angel, aone jinsi upole na ukali vinavyokaa pamoja. Diski ya pili aiachie siku nyingine.

Vilevile, ajiepushe na spika ndogo ya simu. Besi haitasikika humo, na bila besi atakuwa amesikia nusu ya maneno ya mzungumzaji. Spika kubwa au vifaa bora vya masikioni ndivyo vitakavyomtendea haki.

Je, ngoma ilipasuka? Waliotaka muziki wa klabu pekee watasema ilitoa nyufa. Waliotaka kuthibitishiwa kwamba mtoto aliyelelewa katika makao, asiyesomea muziki wala kumiliki ala, anaweza kujenga kazi itakayopigwa na okestra, watasema ingali inalia. Zaidi ya miaka 30 imepita, na watu wangali wakibishana kuihusu. Kwa albamu iliyojiita isiyozeeka, ubishi huo ni ushahidi usio haba.