Waya mmoja wa Cadillac

Wiki jana mteja alinipigia simu akaniamuru nizime kipengele nilichokiandika kwa miezi mitatu. Kinawasumbua, hawakitaki. Nilikasirika, hadi nikakumbuka injini moja ya mwaka 1981.

Mwaka huo Cadillac ilitoa V8-6-4, injini ya lita 6.0 ambayo kompyuta iliiendesha kwa silinda 8, 6 au 4. Wazo ni rahisi. Gari likienda polepole na kwa utulivu, mlango wa hewa unakaribia kufungwa, na pistoni zinapoteza nguvu zikivuta hewa kupitia upenyo mdogo. Zima silinda 4, na zilizobaki zitahitaji hewa zaidi. Mlango unafunguka, petroli inaokolewa. Katika silinda iliyozimwa valvu hazifunguki, na hewa iliyonaswa ndani inabanwa na kutanuka kama springi.

Hesabu ilikuwa sawa. Kompyuta ndiyo iliyoshindwa. Ilikuwa polepole mno kubadilisha silinda bila dereva kuhisi, kwa hiyo gari lilishtuka na kusitasita. Cadillac ilitoa chipu zenye programu iliyorekebishwa, lakini wateja wengi walikuwa wamechoka. Walimwomba fundi achomoe waya mmoja tu, na injini ikabaki V8 ya kawaida. Baada ya 1981 iliendelea kwenye limozini pekee, hadi 1984.

General Motors ilirudia wazo hilo kwenye magari ya modeli ya 2005. Safari hii shinikizo la oili lilisukuma pini ndani ya tapeti, na kompyuta ilikuwa na kasi ya kutosha. Mwaka 2007 mfumo ulifika kwenye pikapu za Silverado. Mwaka huohuo Escalade ya lita 6.2 ilipata kamshafti ambayo kompyuta huigeuza kidogo injini ikiwa inanguruma, ili valvu zifunguke mapema au baadaye. Silverado ya 2019 ikaja na mipangilio 17 ya kuwasha na kuzima silinda.

Hata hivyo, bado wapo wanaonunua kifaa cha kuzima mfumo huo. Gari ni lao, na wao ndio wanaohisi mtikisiko.

Basi kipengele changu nimekizima. Sijakifuta. Kesho naenda kwa mteja, nikae kando ya karani wake nione ni wapi hasa kinapomkwamisha.