Msasa, Vumbi na Saidia Fundi: Mafunzo ya Kujikinga na Risasi katika Nyumba za Zamani za Marekani

Ikisiri

Makala hii inajadili mafunzo ya mafundi wanaokarabati nyumba za Marekani zilizojengwa kabla ya mwaka 1978, ambazo nyingi bado zina rangi yenye risasi. Inadai kwamba mafunzo hayo yamejengwa juu ya maarifa sahihi, ila hayamfikii vya kutosha mtu anayeshika msasa. Inapendekeza kuwa ubora wake upimwe kwa vumbi linalobaki sakafuni na kwa uelewa wa kibarua wa mwisho, badala ya idadi ya vyeti vinavyotolewa.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili alifariki kwa sumu ya risasi. Familia yake ilikuwa ya wakimbizi kutoka Sudan, ikiishi katika nyumba ya zamani ya kupanga iliyobanduka rangi. Damu yake ilikutwa na mikrogramu 391 za risasi kwa desilita. Leo CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, hutumia mikrogramu 3.5 kutambua watoto wanaopaswa kufuatiliwa.

Nyumba ile ilihitaji fundi, na hapo ndipo penye ugumu wa suala hili. Ukarabati ndio dawa ya rangi iliyochakaa, lakini ukarabati huohuo ukifanywa na asiyejua huisambaza sumu vyumba vyote. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya fundi hayawezi kuachwa kuwa jambo la ajira peke yake. Ni kinga ya watoto wasioweza kujikinga, na yapimwe hivyo.

2.0 Sumu iliyomo kwenye vumbi

Wengi hudhani kwamba mtoto hudhurika kwa kula vipande vya rangi. Hilo hutokea, lakini njia kuu ni vumbi. Dirisha la zamani la kupandisha na kushusha husaga rangi kila linapofunguliwa, na msasa mkavu husaga nyingi zaidi kwa dakika chache. Vumbi hutua sakafuni, mtoto hutambaa juu yake, kisha hutia vidole mdomoni. Mtoto mdogo anaweza kufyonza takriban nusu ya risasi anayomeza, ilhali mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Mwilini risasi hushika nafasi ya kalisi na kufika hadi kwenye ubongo unaokua. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 2019 EPA, shirika la serikali kuu linalosimamia mazingira, lilishusha kipimo cha hatari cha vumbi la sakafuni kutoka mikrogramu 40 hadi 10 za risasi kwa futi ya mraba. Kwa kipimo hicho cha mwaka 2019, gramu moja ya risasi ikitandazwa sawasawa inatosha kuchafua sakafu za nyumba 100, kila moja ikiwa na futi za mraba 1,000. Gramu hiyo haijazi hata kijiko cha chai. Jicho la fundi, hata liwe na uzoefu wa miaka thelathini, haliwezi kuiona, na ndiyo maana uzoefu hauwezi kushika nafasi ya mafunzo.

Maarifa haya si mapya. Mkataba Na. 13 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921, uliohusu rangi ya risasi nyeupe, ulikwisha kutaja hatari ya vumbi la kukwangua na kusugua rangi kavu, na ukataka wapaka rangi wagawiwe maelekezo ya usafi wa kazi yao. Marekani haikuuridhia. Marufuku ya nchi nzima dhidi ya rangi ya nyumbani yenye risasi ilikuja mwaka 1978. Katika miaka hiyo yote kuta ziliendelea kupakwa, tabaka juu ya tabaka.

3.0 Kanuni ya ukarabati: nguvu yake na pengo lake

EPA lilitoa kanuni ya ukarabati mwaka 2008, na utekelezaji wake kamili ukaanza Aprili 2010. Yeyote anayelipwa kwa kazi inayogusa zaidi ya futi sita za mraba za rangi chumbani, au ishirini nje, katika nyumba ya kabla ya 1978, sharti awe chini ya kampuni yenye cheti, na kazi iwe na msimamizi aliyefunzwa. Kozi yake ni ya saa nane, mbili kati ya hizo zikiwa za vitendo. Msimamizi hujifunza kutandaza plastiki, kuziba milango, kulowesha rangi kabla ya kuikwangua, kuepuka moto wa wazi, na kutotumia mashine ya msasa isiyo na kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA. Mwisho hupangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji na kukilinganisha na kadi ya vipimo.

Nguvu ya kozi hii iko katika kuufundisha mkono. Sheria yenyewe inalikiri hilo: anayerudia mafunzo kwa vitendo hupata cheti cha miaka mitano, na anayerudia kwa mtandao bila vitendo hupata cha miaka mitatu.

Pengo liko kwingine. Kanuni inadai cheti kwa msimamizi mmoja, na wengine wote hufundishwa naye papo hapo kazini. Hawatahiniwi. Tena msimamizi halazimiki kuwapo muda wote: ni lazima awepo wakati wa kuzungushia eneo la kazi na wakati wa kusafisha, lakini katikati anaweza kupatikana kwa simu. Katikati hapo ndipo rangi inapokwanguliwa. Saa zenye vumbi jingi kuliko zote zinaweza kuwa mikononi mwa mtu aliyefundishwa kwa maneno machache ya asubuhi. Sisi tungemwita saidia fundi. Mfumo mzima unamtegemea, na bado ndiye asiyepimwa.

4.0 Lugha kama kifaa cha usalama

Kozi hiyo ina mtaala wa Kihispania, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani kuanzia katikati ya muongo wa 2010 hadi mwaka 2024. Wanahusika kwa pande mbili, kama wapangaji na kama wafanyakazi. CDC hushauri watoto wa wakimbizi wapimwe damu wanapowasili, kisha wapimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Kipimo cha pili kina maana yake: kinaonyesha madhara ya nyumba waliyopewa.

Tafsiri nayo inataka uangalifu. Mama akiambiwa tu kwamba “ukutani kuna risasi”, anaweza kufikiria bunduki. Mkalimani mwema atasema “sumu ya madini ya risasi iliyomo kwenye rangi”, kisha ataonyesha ukingo wa dirisha na vumbi lililotua pale. Neno lisiposhika, onyo halishiki.

5.0 Hoja mbili pinzani

Wapo wanaodai kwamba mafunzo huongeza gharama na kuwasukuma wenye nyumba kwa mafundi wa bei rahisi wasio na vyeti. Hoja hii ina ukweli, lakini inachoonyesha ni udhaifu wa ukaguzi. Jiji la Rochester, New York, lilipitisha sheria mwaka 2005 inayoingiza hatari za risasi katika ukaguzi wa nyumba za kupanga. Mwenye nyumba anayejua kuwa atakaguliwa ana sababu ya kumtafuta fundi anayejua. Mafunzo bila ukaguzi humwadhibu fundi mwaminifu, kwa kuwa gharama anaibeba yeye na kazi wanaipata wengine.

Wengine husema kwamba mafunzo ni kisingizio cha kuiacha risasi ukutani. Nami naamini kuwa kuiondoa kabisa ndilo lengo. Lakini hata kuiondoa ni kazi ya mikono, na ikifanywa vibaya huacha vumbi jingi kuliko kutoigusa. Kadiri tunavyotaka iondolewe haraka, ndivyo tunavyohitaji mafundi waliofunzwa vizuri.

6.0 Hitimisho

Suala hili linatugusa pia Afrika Mashariki. Uchunguzi wa muongo wa 2010 uliikuta risasi katika baadhi ya rangi za mafuta zilizouzwa Kenya na Tanzania. Milango na madirisha yaliyopakwa rangi hizo yatazeeka, na kijana atatumwa kuyapiga msasa mkavu, bila barakoa, watoto wakicheza uani. Mafundi wetu wengi hujifunza chini ya fundi mwingine, kwa hiyo pengo la Marekani kwetu ndiyo kanuni.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila anayegusa rangi ya zamani afundishwe kwa vitendo na aonyeshe kwa mkono wake kwamba anaweza. Pili, afundishwe kwa lugha anayoielewa barabara. Tatu, msimamizi awepo wakati wa kukwangua, na vumbi la sakafuni lipelekwe maabara kabla familia haijarudi ndani. Cheti huthibitisha kwamba mtu alihudhuria. Anayetambaa sakafuni anahitaji uthibitisho kwamba sakafu ni safi.