Kazi ya usiku (Tanzania)

Kazi ya usiku ni kazi ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaihesabu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Huwaangukia zaidi wauguzi, walinzi na wapakuaji wa mizigo bandarini, ambao huduma zao hazisimami, pamoja na waokaji mikate, ambao bidhaa yao hutakiwa alfajiri. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hufuata mwezi: taa zao huvuta dagaa vizuri zaidi kukiwa na giza. Mwajiriwa hustahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kiwango kidogo kwa kazi inayovuruga usingizi na afya. Wavuvi, ambao mara nyingi hulipwa kwa mgao wa mauzo, kwa kawaida hawaipati.